Malalamiko Kuhusu Maharagwe Yasiyosikia Hodi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kituo cha Utafiti wa Mikunde,

Shikamoo. Mimi ni mmwagiliaji wa banda la pili, yule mama mwenye ndoo unayemsalimu ukaenda zako kabla hajajibu. Nimepata barua kwamba mwisho wa mwezi kazi yangu itafanywa na mashine. Nimeisoma mara tatu mpaka chai ikapoa. Basi naomba kulalamika kwa utaratibu.

1. Wataalamu wenyewe walinieleza: bakteria hubisha hodi kwenye mzizi wa mharagwe, akajengewa chumba, yaani kinundu, akalishwa sukari. Naye humtengenezea mwenye nyumba mbolea kutoka hewani. Ujirani mwema kabisa. Ninyi mkaiharibu jeni ya kusikia hodi! Mgeni yuko mlangoni na chakula, mwenye nyumba kimya, anakufa njaa. Jamani, hata mimi na wifi yangu hatujafika huko.

2. Mharagwe ukigeuka manjano, Miwani, yule kijana wenu wa jeni, anachekelea na kuandika. Hakulelewa hivyo, mama yake namfahamu.

3. Mharagwe wa Kopo Nambari Tisa hana jeni hiyo wala kinundu hata kimoja, lakini amestawi kuliko wenye jeni zao. Miwani alilia kwa furaha. Nasikia Jumatatu utamwonyesha kwa wageni wakubwa kama ugunduzi. Kwani nani amemlea? Kila asubuhi mimi humwambia pole, mwanangu. Kwa hiyo ni wazi kwamba pole yangu inafanya kazi ya jeni.

4. Mashine haijui kusema pole. Ukinifukuza, sayansi itanyauka.

Naomba ajira ya kudumu, na jina langu liandikwe kwenye ripoti juu ya la Miwani. Nina wajukuu wawili wananitegemea. Sikufichi, naogopa.

Nisalimie mama watoto, mhasibu, mlinzi wa getini, na hata hiyo mashine, maana haina kosa.

Wako katika kumwagilia,
Mama wa Banda la Pili

Tanbihi: Nikibakizwa, naomba mfuko mwingine wa ile mbolea nyeupe ya stoo. Nambari Tisa alikuwa amedhoofu kuliko wote, nikawa nampa kijiko kila Ijumaa, kwa huruma tu. Mfuko uliisha wiki mbili zilizopita, na tangu jana majani yake ya chini yameanza kugeuka manjano. Tafadhali fanya haraka, Jumatatu si mbali.