Machicha ya Binti Shaban

Tabora, 9 Agosti 1952

Kwa Mheshimiwa Liwali,
Tabora Mjini.

Mheshimiwa,

Mimi ni Tobias Ngollo, Mnyamwezi, mwoka mikate wa mtaa wa Ng'ambo, yule ambaye mikate yake huliwa nyumbani kwako kila asubuhi isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Naomba kwa unyenyekevu umwite barazani jirani yangu Binti Shaban, Mzaramo, mke wa fundi wa reli, umwadhibu. Kosa lake ni kumponya binti yangu bila idhini yangu. Naeleza kwa namba ili usichoke.

1. Binti yangu Eustadia ana miaka minane. Kwangu mtoto hali ugali. Ugali ni wa watoto ambao baba zao hawana tanuri. Tangu aache ziwa amekula mkate wa ngano, mweupe, asubuhi na jioni, na Ng'ambo nzima ni shahidi. Ni kweli alikuwa amekonda mikono, tumbo limejaa kama ngoma, na chooni hakuisha kwenda. Daktari alimpa dawa ya minyoo mara tatu. Mimi kama baba nilifanya linalonipasa: nilimwongezea mkate.

2. Sisi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipopita kwao wakibeba pembe kwenda pwani. Mzaramo akiniita mchawi, nacheka. Akichukua kuku wangu, nacheka, ingawa kidogo. Sasa, Oktoba mwaka jana, Binti Shaban alisimama mlangoni kwangu mbele ya wateja akasema, "Ngollo, mwanao haumwi minyoo. Anaumwa mkate wako." Nilicheka mpaka nikaegemea tanuri, nikaungua kiwiko. Nikamjibu kwamba Wazaramo hawaijui ngano, wanajua kukuna nazi tu. Kesho yake akarudia, na kesho kutwa, maneno yale yale, nami nikacheka tena. Nauliza, Mheshimiwa, ningejuaje? Mtani akitaka kusema kweli anapaswa kutoa taarifa kwanza, au angalau aache kutabasamu. Mke wangu Getruda anasema hakuwa akitabasamu. Sikumwangalia usoni, nilikuwa nacheka.

3. Alipoona sisikii, alianza kumwita Eustadia kwake. Anadai kabla ya kuhamia huku mwaka jana alikuwa yaya Dar es Salaam, wa mtoto wa Kizungu aliyekatazwa ngano na daktari. Huletewa nazi kwa treni. Anazikuna, anakamua tui la mchuzi wake, na yale machicha ambayo kwao hutupiwa kuku anayaanika mkekani, anayatwanga, anayachekecha, anayaita unga! Mimi nimeoka miaka ishirini na miwili. Unga ule hauumuki, haushikamani, na unakunywa maji kuliko saruji. Lazima autilie mayai sita kwa mkate mmoja mdogo kuliko kofia yako, ndipo auweke sufuriani, makaa chini na makaa juu. Huku ni kuidharau kazi yetu. Mwanangu amekuwa akiula kwa siri tangu Machi, na mama yake alijua.

4. Madhara yake ni haya. Tumbo la mtoto limeshuka. Ameota mashavu. Anaruka kamba mbele ya duka langu saa za wateja, tena kwa kelele, na wateja wananiuliza mtoto wa mwoka mikate amenenepeshwa na mkate wa nani. Jumapili moja, ili nipate ushahidi, nilimpa kipande cha mkate wangu, kidogo tu, akala kwa sababu nilimwomba. Jumatatu hakuinuka kitandani, akilia tumbo. Naamini alifundishwa.

5. Kwa hiyo naomba uamuru nazi zisiteremshwe stesheni ya Tabora, zipite moja kwa moja mpaka Kigoma. Pia watani wote wa wilaya hii waamriwe kusema uongo peke yake, kama ilivyokuwa zamani. Na Binti Shaban ale mkate wangu mzima barazani, mbele ya watu, aseme ni mtamu.

Nisalimie watu wote wa nyumbani kwako, makarani wa baraza, na mpishi wako aliyerudisha mkate wa juzi akisema umeungua. Haukuungua.

Niliyekosewa, nisiye na kinyongo ila hiki kimoja,

Tobias Ngollo

Nyongeza: Nimemsomea Getruda barua hii. Akaniuliza mbona sikumtaja Modest. Modest alikuwa wetu wa kwanza. Tumbo lake lilikuwa hivi hivi na mikono hivi hivi, naye nilimwongezea mkate mpaka siku ya mwisho, nikiuloweka kwenye chai ili aweze kuumeza. Tulimzika mwaka arobaini na sita. Wakati huo nyumba ya pili ilikuwa tupu, hapakuwa na Mzaramo wa kuja kunitukana mlangoni.

Tafadhali usimwite Binti Shaban. Nazi ziendelee kuteremka. Kesho mkate wako utachelewa kidogo, kwa kuwa nimemwomba anifundishe kutengeneza ule unga wake. Amekubali, lakini kwa sharti kwamba nikalie mbuzi ya kukunia nazi mlangoni kwake, mwanamume mzima, asubuhi, wateja wangu wote wakipita. Sijui kama huo ni utani au ni kweli. Safari hii siulizi, nitakaa.