Nondo wa Amerika Shambani Ziwani

Jumamosi, 12 Julai
Wiki ya tano ya ndoa! Mathayo wangu kaoga, kanukia, kakaa kusahihisha mitihani ya baiolojia. Hata kalamu nyekundu inampendeza. Maonyesho ya sayansi ya walimu ni Jumatano. Mshindi anapelekwa Dodoma wiki nzima, yeye na mwenzi wake. Sisi fungate hatukupata. Fungate yetu ni Dodoma. Nimeapa.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya ibada, shambani kwa mama mkwe, Ziwani. Wanapulizia mikorosho unga wa salfa, dawa ya ugonjwa wa ubwiri. Mama mkwe akaniita nitoke huko, eti leo hata mbuzi wake ni wa njano. Sikutoka. Kwenye shina nikamwona nondo, yule kipepeo wa usiku, mpana kama kiganja. Njano! Madoa ya kahawia! Nimemtia chupani, na kitabuni mwa Mathayo nimemkuta: nondo wa kifalme. Mabawa ya njano, madoa ya kahawia na zambarau. Makazi: Amerika, kuanzia kusini mwa Kanada, Texas na kuendelea. Afrika haikutajwa. Basi mimi ndiye wa kwanza!

Jumatatu, 14 Julai
Mathayo kauliza nondo kavukaje bahari. Nikamuuliza meli za korosho huwa zinarudi na nini. Akataka amkague kwa lenzi. Nikamwambia mapenzi ni kuaminiana. Kaandika kibandiko cha chupa, mwandiko mzuri ajabu.

Jumatano, 16 Julai
Mwalimu Josephu, mpinzani wetu, kaleta jiko la gesi ya kinyesi cha ng'ombe. Akaniuliza: "Shemeji, huyu Mmarekani kaingia na viza gani?" Nikamgeuzia kibandiko. Jaji, Bi Mwaisha, akafungua chupa yetu, akasogeza uso, akapiga chafya. Wingu la njano! Nondo akabaki kahawia mwili mzima, wa hapahapa. Bi Mwaisha akafuta miwani, akamuuliza Mathayo kama mikorosho yao imepona ubwiri. Ukumbi mzima ukacheka. Josephu na mkewe wanakwenda Dodoma.

Alhamisi, 17 Julai
Mathayo hakununa, malaika yule! Kaomba jambo moja tu: nisichukue tena mdudu kabla hajamkagua. Nimekubali kwa moyo wote.
Saa kumi jioni. Jirani yetu Bi Sabra kamaliza kupaka geti lake rangi ya bluu. Juu ya geti, panzi wa bluu, katulia tuli! Kitabu hakina panzi wa hivyo, si Kanada, si popote. Maonyesho ya mwakani washindi wanakwenda Arusha. Nimemfunika kwa bilauri. Mathayo nitamwambia tukishafika.