Magurudumu Sita na Mfuko wa Mchanga

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Mume wangu amenipigia pasi koti la kazini. Kola imesimama wima kama askari. Sijui wanawake wengine wanaishije.

Karakana yetu inasanifu roboti ya kutembea juu ya asteroidi, mwamba unaozunguka jua huko mbali. Mvutano wake ni mdogo mno. Ukipiga chafya unapaa. Miundo miwili inashindana. Wangu una magurudumu sita. Wa wifi yangu, dada wa mume wangu, ni sanduku lisilo na gurudumu hata moja. Ndani yake kuna kitu kizito kinachozunguka. Kikisimamishwa ghafla, sanduku linaruka. Siku ya Ijumaa, Mkuu wa karakana atachagua. Mshindi anaingia timu ya safari. Mwingine anahamia stoo kupanga skrubu.

Jumanne, 4 Juni
Wifi amepita mezani kwangu. Akauliza magurudumu yangu yatakanyaga nini, maana huko hakuna uzito wa kuyashikisha chini, yatazunguka bure kama feni. Akataka kujua, bi harusi, hili ni gari au pambo la sebuleni. Nikamwambia heri pambo kuliko chura aliyefungiwa kwenye bati. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Nikaongeza kipande cha madini ya risasi ili gari liwe zito. Mkuu akakitoa. Akasema nikiongeza uzito nimeongeza na mzigo wa kusukuma, na kila roboti ni kilo nne, basi.

Mume wangu amenifariji kwa chai. Anakoroga kwa utulivu wa ajabu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa. Kwenye jaribio roboti inafungwa kamba, kamba inapita kwenye kapi darini, na upande wa pili unaning'inia mfuko wa mchanga wenye karibu uzito uleule. Hapo roboti inakuwa nyepesi kama iko kwenye asteroidi. Mfuko ni mmoja kwa wote wawili. Kura imempa Wifi zamu ya kwanza. Nikiongeza mchanga kidogo, sanduku lake litapaa lisirudi. Kisha nitaupunguza kabla ya zamu yangu.

Nimemwomba mume wangu, fundi cherehani hodari, anishonee mfuko wa siri wenye zipu ndani ya koti. Ameushona kwa uzi maradufu. Hakuuliza wa nini. Alisema tu kwamba nikiwa na siri macho yangu yanapendeza.

Ijumaa, 7 Juni
Saa ya chai nikamimina mchanga wote wa kotini kwenye mfuko wa jaribio. Hakuna aliyeniona.

Tukasimama chini ya kapi. Wifi akaweka sanduku lake pembeni, akamwambia Mkuu kwamba nyumbani kwao bi harusi hasubirishwi, nitangulie mimi. Nikakataa, nikasema mkubwa kwanza. Akasisitiza. Nikakataa tena. Mkuu akasema adabu zetu zimemtosha, nifunge kamba.

Nikafunga. Nikaliachia gari.

Likapanda. Polepole, kwa heshima, magurudumu yote sita yakizunguka, mpaka likagonga kapi na kubaki huko. Mkuu akalitazama. Wifi akauchukua mfuko, akaupima kwenye mizani, akachota mchanga uliozidi mpaka ukarudi sawa. Akafunga sanduku lake. Likaruka hatua nne, likatua kila mara. Mkuu akasema fundi asiyepima mfuko kabla ya kufunga kamba hana zamu ya pili, ameshindwa.

Tulipokuwa tukivua makoti, alikung'uta langu. Chembe chache zikadondoka. Akasema kaka yake anashona vizuri, lakini mchanga haujui zipu.

Jumamosi, 8 Juni
Wifi hajamwambia kaka yake wala Mkuu. Jumatatu naanza stoo. Mume wangu anasema skrubu zina bahati. Nampenda mpaka nasahau kula.

Nimefikiri kwa makini. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mchanga: unadondoka, unaonekana. Majaribio ya mwisho ya sanduku la Wifi ni mwezi ujao, na vifaa vyote vitatoka stoo kwangu. Nimemwomba mume wangu anishonee mfuko mwingine, safari hii wa plastiki. Nitatumia maji.