Bomba la Ubavuni na Faida Zake Kumi na Mbili

Jumapili, 3 Agosti

Jumamosi ijayo chama chetu cha magari ya michezo kinachagua mwenyekiti. Wanachama tisa, magari tisa, yanayowaka matano. Wagombea ni wawili: mimi na Daktari wa Meno. Yeye ana gari jipya la rangi ya maziwa, mabomba manne ya moshi nyuma, yamepangwa kama filimbi. Mimi nina gari jekundu la milango miwili, umri wake miaka ishirini na sita, na bomba moja lililofungwa kwa waya. Leo limekwaruza tuta la getini tena. Majirani wakatoka mbio wakidhani kuna ajali. Aibu!

Kisha nikapata wazo. Kwa kinyozi nimeona jarida la zamani: gari la mashindano, bomba linatokea ubavuni, chini ya mlango. Halifiki nyuma kabisa! Nikachana ukurasa huku nikikohoa. Kinyozi akasema angenipa jarida zima kama ningeomba.

Nikamweleza mke wangu. Akauliza moshi utatokea wapi. Nikamwambia pembeni. Akauliza pembeni ipi. Nikamwonyesha.

“Lakini hapo ndipo ninapokaa mimi,” akasema.

Mfamasia huyo. Anasoma maandishi madogo tu, picha kubwa haioni.

Nimeanza hotuba ya kampeni: “Faida na Hasara za Bomba la Ubavuni.” Faida zimefika saba kabla ya chai. Hasara nimeziachia nafasi wazi, kwa heshima.

Jumatatu, 4 Agosti

Gereji. Fundi akalala chini ya gari, akatoka, akafuta mikono, akaanza kuhubiri. Akakubali kwamba bomba fupi ni jepesi, halikwaruzi matuta, na sauti yake ni tamu. Nilikuwa nikiandika kwa kasi. Kisha akaendelea. Mlango utapata joto. Dirisha likiwa wazi, moshi utaingia ndani. Masizi yatapaka rangi. Anayeshuka asipoangalia ataungua mguu. Hapo kalamu yangu iliishiwa wino.

Akashauri aweke sailensa ndogo ya kupunguza kelele na bati la kukinga joto. Nikamwambia vyote viwili vinaongeza uzito, na nimekuja kuchomelewa bomba, si kuhubiriwa. Akauliza kama nina mke. Nikasema ndiyo. Akasema anampa pole.

Hajui hata anamzungumzia nani.

Jumanne, 5 Agosti

Tayari! Sauti! Nilipowasha, spana zilicheza juu ya meza ya fundi. Hata yeye alitabasamu kidogo, ingawa alikuwa ameziba masikio.

Nimepita matuta yote manne kuelekea kazini, ofisi ya maji, bila kukwaruza hata moja. Nilirudi nikayapita tena. Faida ya kwanza imethibitishwa mara mbili.

Mkuu wa idara akaniita. Akasema nilipokuwa naegesha, kikao chake kilisimama, na mgeni mmoja aliingia chini ya meza. Akauliza nina maelezo gani. Nikaeleza kuhusu mtiririko wa hewa. Akaniagiza niwe naegesha nyuma ya matangi ya maji, huko ng'ambo, kisha nitembee kwa miguu. Naona anaanza kunihusudu.

Jioni nililiacha likinguruma kando ya ua dakika kumi, injini ipate kutulia. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameanika mashuka meupe upande wa pili. Sasa shuka moja lina duara jeusi katikati, zuri, limekamilika kama la bikari. Alikuja nalo mlangoni, amenuna. Nikamwambia hali ya hewa ya siku hizi haieleweki.

Jumatano, 6 Agosti

Mke wangu amekubali kupanda. Nilimbembeleza kwa siku mbili.

Madirisha yakiwa yamefungwa, alisema amekaa jikoni. Nikamfungulia. Moshi ukaingia. Akasema nifunge. Nikafunga. Akasema jambo jingine lakini sikulisikia, kwa sababu ya sauti (faida ya tatu). Tulipofika duka la dawa, alishusha mguu, na soli ya kandambili yake ikanata kwenye bomba. Ikanyooka kama ubani wa kutafuna. Akaingia kazini na kandambili moja, macho mekundu. Mteja wa kwanza akamvutia kiti, akamwambia akae apumzike, wenye kuumwa watasubiri.

Jioni alirudi kwa miguu. Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba ataendelea kutembea mpaka nitakapopata akili.

Nimekaa nikifikiri. Bila yeye, gari limepungua uzito. Nimeandika: faida ya nane.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi ya mwisho ya barabarani. Askari wa usalama barabarani, mama mmoja mwenye sura ya shangazi mkubwa, akanisimamisha. Akauliza sailensa iko wapi. Nikaona hii ni fursa ya kuijaribu hotuba. Nikaisoma yote, dakika ishirini, huku magari yakijipanga nyuma yangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachuchumaa kuchungulia, nami nikakanyaga mafuta kidogo tu, ili asikie ninachosema.

Kofia yake tuliikuta mtaroni.

Ameniandikia karatasi: ndani ya siku saba bomba lirudishwe nyuma, la sivyo gari litazuiliwa. Siku saba! Uchaguzi ni kesho. Kwa maneno mengine, nina kibali cha maandishi cha serikali. Faida ya kumi na mbili. Hotuba imekamilika.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa na mguu juu ya stuli.

Tulikutana kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya ukumbi. Niliwahi mapema nikaegesha ubavu wa bomba ukielekea gari la Daktari wa Meno. Mpango: mngurumo mmoja wa nguvu, na ile rangi ya maziwa igeuke kahawa. Lakini yeye akasogeza gari lake, kwa adabu, akisema ananipisha nipate nafasi.

Mke wangu alikuja. Kwa miguu, lakini alikuja, na alikaa mstari wa mbele. Hilo lilinigusa.

Hotuba ilipokelewa vizuri sana. Wawili walipiga makofi, mmoja akalia machozi, ingawa alikuwa amesimama karibu na bomba nilipowasha kidogo kama mfano. Kura zikapigwa kwenye sanduku la katoni. Katibu, mzee anayeogopa jua, akaliweka kivulini akanywe maji kabla ya kuhesabu. Kivuli kilikuwa cha gari langu.

Sikuona. Naapa sikuona. Niliona nyuso tu, na nyuso zilikuwa upande wangu! Nikaingia ndani, nikawasha, nikakanyaga mara tatu kwa furaha.

Katoni ikashika moto.

Nikaruka nje upande usiofaa, nikaunguza muundi wa mguu wa kushoto. Wanachama wakakimbia huku na huku, huyu anapuliza, yule anapunga kofia, wote wanauchochea. Mke wangu ndiye aliyechukua ndoo ya kuoshea magari, akamwaga mara moja, moto ukazimika. Ndani ya katoni kulibaki uji mweusi.

Ikabidi kura zirudiwe kwa kunyoosha mikono. Katibu akafungua daftari awaite watu kwa majina, akakwama. Akasema kwa kanuni, mwanachama ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi ya gari. Akanitazama. Kadi yetu ina jina la mke wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelinunua gari. Sikuona haja ya kuliandika hilo humu.

Mtu mmoja akasema basi mwenye gari atueleze yeye hilo bomba likoje. Mke wangu akasimama.

“Kwenye matuta linapita vizuri, sina ubishi,” akasema. “Sauti yake ni nzuri ukiwa mbali. Likitiwa sailensa na bati, huenda mtu akakaa. Lilivyo sasa, dereva anapata faida zote, hasara zote anapewa abiria.”

Akakaa. Sentensi nne! Mimi nilikuwa na kurasa kumi na moja.

Mtu akamtaja agombee. Akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa, nami nilikuwa nimeshika mguu nikisaga meno, akadhani naitikia. Kura nane. Hata Daktari wa Meno alimnyooshea. Wa tisa aliyenipigia mimi nilikuwa mimi, na kura yangu ikafutwa kwa kuwa si mwanachama.

Kilichoniuma kuliko mguu kilikuja baadaye. Daktari wa Meno akanisindikiza hadi garini. Akaniambia kwamba mwanzoni, kwenye karatasi, alikuwa amenipigia mimi. Hakuutaka uenyekiti, walimsukuma tu. Wanne wengine wakasema vivyo hivyo. Pamoja na yangu, sita. Kati ya tisa.

Nilikuwa nimeshinda. Nimeuchoma ushindi wangu kwa mguu wangu mwenyewe.

Nilikaa garini bila kuwasha. Mke wangu akafungua mlango, akaruka bomba kwa hatua pana, akakaa kando yangu. Akanipa leso, nikapenga kamasi.

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu amenipaka dawa ya kuungua na kunifunga bendeji. Kisha akatoa amri yake ya kwanza kama mwenyekiti: bomba lirudi nyuma, na fundi apigiwe simu kesho.

Nimelala kitandani nikipitia mambo yote, moja moja, bila kujipendelea. Kandambili: upande wa kushoto. Shuka: kushoto. Kofia ya askari: kushoto. Katoni: kushoto. Muundi wangu: kushoto. Upande wa kulia, kwa wiki nzima, haukutokea uharibifu hata mmoja!

Bomba halina kosa lolote. Kosa ni la upande.

Nimempigia fundi mwenyewe, kabla mwenyekiti hajaamka usingizi wa mchana. Kesho saa mbili analihamishia kulia, chini ya mlango wa dereva, bila sailensa, bila bati. Abiria hatalalamika tena, na dereva ni mimi, sina neno.

Fundi ameniuliza mguu wa kulia unaendeleaje. Nikamwambia huo ni mzima kabisa.