Kompyuta ya Wodi ya Wanawake Iondolewe, Inanivunjia Heshima

Kwako Mganga Mkuu,

Natumai u mzima. Mimi ni daktari wako wa wodi ya wanawake, yule mnayemwita Chapchap mkidhani sisikii. Kwa unyenyekevu naomba kompyuta mliyotuletea iondolewe kabla haijanimaliza.

1. Inanijibu. Juzi nilimwandikia bibi mmoja penisilini, ikaniwekea maandishi mekundu kwamba dawa hiyo humdhuru, ikagoma kuendelea. Hata mama mkwe hanihoji hivyo. Nilipomgombeza bibi kwa kunificha, alisema aliniambia mapema, ila nilikuwa nimeshafika mlangoni.

2. Inasomeka. Zamani mfamasia akishindwa na mwandiko wangu alikuja kuniuliza kwa adabu, nami nikapata nafasi ya kufikiri upya. Sasa kosa langu linamfikia likiwa safi, limepigwa chapa.

3. Inanichonganisha na watu. Muuguzi mkuu, dada niliyemfundisha mwenyewe kuchoma sindano, akipokea agizo langu hutazama kioo cha kompyuta kwanza, ndipo anitazame mimi. Wagonjwa nao wameiga. Mmoja aliniuliza kama yule mwenzangu wa mezani amekubali.

4. Wagonjwa wanapona mno. Vitanda viko wazi, na raundi ya asubuhi inaisha chai haijapoa. Kila mtu anasema wodi imebadilika, wala hakuna anayesema daktari amebadilika. Maana yake naijua, na inaniuma kweli.

5. Ikishindikana kuiondoa, basi nayo ivishwe koti jeupe, ipangiwe zamu za sikukuu, na ikikosea iitwe kwenye kikao cha nidhamu tunakoitwa sisi wengine. Nimekaa naivizia ikosee. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Mganga Mkuu. Wewe huko ofisini kompyuta yako unaichezea karata tu.

Nisalimie wote hapo ofisini, mhasibu, karani na mama wa chai. Fundi wa kompyuta usimpe salamu zangu, bado nimemnunia.

Wako mtiifu, mwenye kinyongo,
Daktari wa Wodi ya Wanawake

N.B. Nilikuwa nimeshaandika haya yote mke wangu alipoletwa wodini kwangu asubuhi hii, na anahitaji upasuaji. Tafadhali, fundi asije kwanza. Kompyuta isiguswe hata kwa kitambaa cha vumbi mpaka mke wangu arudi nyumbani salama. Daktari wa zamu ni mimi.