Kitanda Chetu Miongoni mwa Vilivyomo

Jumatatu, tarehe 6

Nimepata nyumba! Yaani, bado. Nimeiona. Lakini mimi nikishakiona kitu, huwa nakihesabu kipo kapuni.

Ipo mtaa wa pili, nyuma ya mashine ya kusaga. Kibao getini: NYUMBA INAUZWA PAMOJA NA VYOTE VILIVYOMO. Nimekisoma mara tatu, mtoto mgongoni, ndoo mkononi. Vyote! Mwenyewe ni nesi mstaafu aliyekwisha kuhamia kwa mwanawe. Amesema habebi hata kijiko.

Dalali amenizungusha. Vyumba vitatu mbele, viwili uani. Makabati saba. Cherehani. Sahani za bati hazina idadi. Saa ya ukutani, ndefu kama mlango, inayogonga mara kumi na tatu ikifika adhuhuri. Mnene wangu, huyu wa mgongoni, akaicheka mpaka kwikwi ikamshika. Miezi minane huyu mtoto analala ndani ya sanduku la nguo, kifuniko kimezuiwa na tofali, kwa sababu chumba chetu kimoja hakina pa kuweka kitanda cha pili. Na hicho chumba chenyewe mwenye nyumba anakitaka mwisho wa mwezi. Nikamnong'oneza: mwanangu, hesabu umeshatoka sandukuni.

Kila anayetaka nyumba ataandika barua ya bei, ataitia kwenye bahasha, atampelekea Nesi humo humo ndani Jumamosi saa nne asubuhi.

Siri kubwa! Sijamwambia mtu. Wifi peke yake. Maana juzi aliniita mama wa chumba kimoja, nikataka ameze mate kidogo.

Jumanne, tarehe 7

Mbinu ya kwanza: kuiponda nyumba ili bei ishuke. Nimerudi na binti yangu, miaka mitano, tunamwita Kasuku kwa sababu hakuna neno linaloingia masikioni mwake lisitoke mdomoni. Kosa.

Nikakunja pua. Nikamwambia dalali kabati hili limeliwa na mchwa, lile limepinda, cherehani hii itakuwa iliwashonea mababu. Dalali anaitikia tu, naam mama, naam mama. Nikaona ameanza kulainika. Ndipo Kasuku akauliza mbona njiani nilisema hilo kabati ni zuri kama la rais, na kwamba cherehani nitaibusu.

Dalali akaangalia dari.

Nimemkalisha Kasuku chini na kumwambia kwa upole kuna maneno ya nyumbani na maneno ya nje. Amesema ameelewa. Kisha akamwendea jirani kumweleza kuna maneno ya nyumbani na maneno ya nje.

Jumatano, tarehe 8

Wifi ameitaka nyumba! Wifi! Mwenye duka la simenti na misumari, mwenye pikipiki ya kupeleka mizigo, mwenye kila kitu! Amekwenda asubuhi na tepu ya kupimia, amepima hadi choo. Dalali anasema amegonga kuta kwa ngumi na kusema zimesimama.

Nimemweleza baba watoto. Akaniuliza wifi amejuaje. Nikamwambia hapa hatutafuti mchawi, tunatafuta nyumba. Akajifunika shuka.

Nimewaza huku nanyonyesha. Nimewaza huku nafua. Saa tisa alasiri wazo likanijia! Nikaacha nguo kwenye beseni. Kesho!

Alhamisi, tarehe 9

Mimi nina akili mpaka najiogopa.

Nimemwomba dalali ufunguo nikapime mapazia. Akanipa, akanionya kwamba Nesi hataki chochote kiguswe kabla ya bahasha, atakayegusa amejitoa. Nikasema mimi ni mtu wa mapazia tu. Kisha nikakodi mkokoteni. Nikahamisha kitanda chetu, stuli mbili, sanduku la Mnene, na picha ya harusi nikaitundika sebuleni, katikati kabisa!

Hesabu yangu ndiyo hii. Wifi ana maneno, lakini aibu anayo. Akirudi kupima atakuta nyumba ishakuwa na watu. Atamwona kaka yake ukutani, amevaa suti. Atapata wapi ujasiri wa kuendelea? Na sikugusa kitu. Nimeongeza tu.

Baba watoto amerudi kazini akasimama mlangoni. Akauliza kitanda kiko wapi. Nikamwambia kimetutangulia. Akauliza sisi tunalala wapi. Mkekani, siku mbili tu, mwanaume gani anashindwa na siku mbili? Akasema walau ningembakizia mto.

Nimembakizia. Mimi si mkatili.

Ijumaa, tarehe 10

Balaa.

Dalali leo ameingia na daftari kuorodhesha vilivyomo, ili wanunuzi tutie saini na baadaye asisumbuliwe mtu. Ameandika kila kitu. Mwandiko mzuri, laana kwake. Makabati saba. Saa moja, kubwa. Halafu: kitanda kimoja, mguu wa nyuma umefungwa kamba ya kijani. Stuli mbili. Sanduku moja, lina harufu ya maziwa. Picha moja ya harusi, bwana harusi anacheka, bibi harusi amenuna.

Sikununa! Viatu vilibana!

Nifanye nini? Nikisema ni vyangu, ataniuliza viliingiaje, na mimi nilikuwa mtu wa mapazia. Nimetia saini.

Wifi akasoma baada yangu. Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kilipofika kwenye kamba ya kijani kikasimama. Kamba hiyo aliifunga yeye, siku tunahamia kile chumba kimoja. Akanitazama, akatabasamu, akasaini. Kisha akamuuliza dalali kama bibi harusi aliyenuna anaweza kupunguzwa kwenye bei.

Lakini sijashindwa! Nimeandika barua yangu vizuri. Nimeomba nipunguziwe kwa sababu kimojawapo cha vitanda ni kibovu sana na kinatia aibu. Baba watoto amesoma, akauliza kwa nini naponda kitanda chetu. Nikamwambia biashara haina undugu.

Jumamosi, tarehe 11

Bahasha zilikuwa mbili tu. Nesi akavaa miwani, akaanza na yangu. Alipofika kwenye kitanda akasita. Akasema amekaa humo miaka thelathini na hakumbuki kitanda kama hicho, labda uzee umeanza. Nikatamani ardhi inimeze pamoja na stuli zangu.

Akafungua ya wifi. Bei ya juu. Na chini yake: nachukua vyote vilivyomo, bila kupunguza hata kamba ya kijani.

Nimeikosa. Nilimkumbatia Mnene, nikaangalia ile saa, nikajiambia silii mbele ya wifi. Machozi hayakusikia.

Hapo Kasuku akaita kutoka chumbani, sauti ya mnadani, kwamba kitanda chetu amekipata, na sanduku la mtoto lipo, na picha aliyoitundika mama sebuleni ipo!

Nilipoingia alikuwa amejilaza, viatu juu. Dalali akanidai maelezo ya mapazia. Nesi alicheka hadi akajishikiza kwenye saa, nayo ikagonga.

Wifi hakucheka. Aliliangalia lile sanduku. Akainama, akalinusa. Akaniuliza kama kweli mtoto wa kaka yake bado analala humo. Nikaitikia kwa kichwa.

Kisha akapanga mambo kama anavyopanga mifuko dukani. Orodha imesainiwa, vilivyomo ni vyake. Kitanda kitahamia uani, na wenye kukilalia wakifuate. Vyumba viwili vinawatosha, kodi atazungumza na kaka yake maana mimi nina hesabu za ajabu. Mnene atanunuliwa kitanda, wiki hii hii. Na nikitundika tena sura ile sebuleni kwake tutakosana.

Nikasema asante wifi yangu. Akaniambia nifute kamasi.

Jumatano, tarehe 15

Tumehamia! Mnene ana kitanda chenye fito pande zote, amelala kama mkuu wa mkoa. Kasuku ana chumba na ameshawaambia mtaa mzima. Baba watoto ana mto wake.

Nimeketi nikapiga hesabu: nilitaka kuingia nyumba ile, nimeingia. Mpango ulifaulu! Kilichohitajika ni kutanguliza kitanda.

Leo nikitoka dukani nimeona kibao kingine, nyumba ya kona, ya ghorofa. Pamoja na vyote vilivyomo! Kuna jokofu, nimelichungulia dirishani. Dalali ni yule yule, lakini mapazia ni mapazia, kila nyumba inayo. Ufunguo ninao. Saa ya wifi nimeshaipakia kwenye mkokoteni itutangulie, inapendeza ukutani kuliko picha yangu.

Safari hii siri nimeibana kabisa. Sijamwambia mtu. Wifi peke yake.