Ombi la Kufunga Bustani ya Bwawani Kila Jumapili Alasiri

Mburu Kinuthia,
Kimumu, Eldoret.

Kwa Msimamizi wa Bustani ya Bwawani,

Bwana Msimamizi,

Natumaini hujambo na kwamba nyasi za ukingoni zinaendelea vizuri. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, niliyekuwa na duka hapa Kimumu. Mke wangu, Warigia, alifariki mwezi wa Machi. Nilimwahidi nitamlilia mwaka mzima. Huu ni Agosti, na nimeongezeka uzito. Nakuomba kwa heshima uifunge bustani kila Jumapili alasiri, maana inanizuia kuomboleza.

1. Mashua zenu za kukanyaga ni za watu wawili, kila mtu na gurudumu lake. Warigia alikanyaga la kulia, amevua viatu, akilalamika kwamba mimi nimebebwa tu. Mwezi wa Juni nilipanda peke yangu ili nimkumbuke kwa utulivu. Mashua ikazunguka papo hapo, katikati ya bwawa, karibu dakika ishirini. Kijana mmoja ukingoni akaita, "Mzee, unatafuta network?" Nilicheka. Nimefiwa na mke, Bwana Msimamizi, na nilicheka hadharani.

2. Bata wenu hawana heshima. Warigia aliwapa makombo kutoka mfuko wa sweta yake ya kijani. Niliwaeleza kwamba hayupo tena. Wanakagua mifuko yangu.

3. Hili ndilo kubwa. Bwana Wabuge, fundi wa mawe, hutandika mkeka na familia yake karibu na benchi langu. Siku moja walinikaribisha kuku. Kwa adabu nilichukua kipande kidogo kuliko vyote, nikala. Mkeka mzima ukanigeukia. Kumbe ilikuwa firigisi, na kwao Bungoma firigisi ni ya mzee wa nyumba. Nilitaka kuomba radhi, lakini Mama Nanyama, mkewe, akasema, "Basi leo tumepata mzee. Ombea chakula, tule." Tangu siku hiyo hawagusi chakula kabla sijafika. Nikichelewa, wanamtuma Ashley, binti yao, aje kunigongea mlango. Jumapili iliyopita nilisikiliza kesi yake na nduguye Paul kuhusu zamu ya bembea, nikaita mashahidi wawili, nikatoa hukumu. Nilipoangalia saa, ilikuwa saa kumi na moja na sikuwa nimehuzunika hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikiogopa kwamba hivi ndivyo mtu huanza kusahau.

4. Ikiwa kufunga hakuwezekani, weka bango langoni: WAFIWA WASIKARIBISHWE KULA. Ikiwa bango pia haliwezekani, basi naomba bwawa likaushwe.

Nisalimie walinzi wa lango, mwenye kukodisha mashua na yule mama anayefagia majani. Wote ni watu wema, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Ni mimi, katika huzuni inayokatizwa kila wiki,

Mburu Kinuthia

N.B. Barua hii niliiandika Ijumaa, lakini sikuituma. Jana, Jumapili, mvua kubwa ilinyesha na mkafunga bustani. Nilikaa nyumbani kimya, vile nilivyoomba. Nilimkumbuka Warigia siku nzima, lakini nilimkumbuka akiwa kitandani, mgonjwa tu. Huko kwenu huwa namkumbuka akiwa mzima. Tafadhali usifunge. Na kama inawezekana, Jumapili ijayo fungueni saa mbili asubuhi.